Samaki wa Tanganyika na hoja ya kuwapo kwa Mungu

Kwenye baraza za kahawa Ujiji, ubishi kuhusu kuwapo kwa Mungu haukawii kufika ziwani: yote haya yawe hayana fundi? Ndiyo hoja ya kasisi Mwingereza William Paley, mwaka 1802: ukiokota saa njiani, huwezi kusema imejiunda.

Kigoma hoja hiyo ina mvuto wake. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege, na wengi hawapatikani kwingine duniani. Mmoja wao, Perissodus microlepis, huishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake akiwavizia kwa nyuma. Mdomo wake umepinda: aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, wa kushoto hushambulia wa kulia. Ukimtazama utaapa amepimwa na fundi. Lakini mwaka 1993 mtafiti Mjapani, Michio Hori, alionyesha mambo yanavyokwenda. Wa kulia wakizidi, wanaowindwa hujihami zaidi ubavu wa kushoto. Wale wachache wa upande wa pili hushiba, huzaana, na idadi zikakaribiana tena. Hakuna anayehesabu.

Muumini atajibu kwamba hata utaratibu huo kauweka Mungu. Yawezekana. Ila hapo samaki si ushahidi tena. Ni imani inayomfafanua samaki. Na tukimng'ang'ania fundi, itabidi tumuulize pia kuhusu yule anayechunwa akiwa hai.

Anayetaka hoja nzito amfuate Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037. Yeye hahitaji uzuri wowote. Kila tunachokiona kingeweza kutokuwapo, ziwa likiwemo. Hata ukiunga visababishi bila mwisho, mnyororo mzima bado unadai sababu, na sababu hiyo lazima iwe ni kitu kisichoweza kutokuwapo. (Hoja ya Anselm, askofu na mwanafalsafa Mkristo, kwamba dhana ya Mungu peke yake yatosha kuthibitisha yupo, sina subira nayo.)

Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, kwenye mdahalo wa redio ya BBC mwaka 1948, aliijibu hoja ya aina hii kwamba ulimwengu upo tu, basi. Jibu hilo haliniridhishi: kila mahali tunauliza sababu, kwa nini tunyamazishwe hapo tu? Hata hivyo, Ibn Sina akishinda, kilichothibitishwa ni kiwapo cha lazima, yaani hicho kisichoweza kutokuwapo. Kwamba kinasikia dua ya mvuvi anayeondoka jioni na karabai zake, hoja hiyo peke yake haijafika huko.