Fungueni madirisha, jamani

Nimesoma makala ya kujikinga na korona nyumbani. Mwandishi wake ameeleza vizuri habari ya kunawa mikono na kufuta meza na vitasa, ila hewa ameigusia kwa sentensi moja tu. Hapo ndipo ninapoona pengo. Ugonjwa huu huenea zaidi kwa hewa tunayopumuliana, hasa watu wakijazana kwenye chumba kilichofungwa. Mkiwa na mgonjwa ndani, mpeni chumba chake ikiwezekana, dirisha liwe wazi, na anayempelekea chakula avae barakoa iliyobana vizuri puani, si ya kuning'inia kidevuni. Mgonjwa naye avae barakoa mtu anapoingia.

Sabuni ya kawaida inatosha kabisa. Kirusi hiki kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huupasua. Sugueni kwa sekunde 20, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha.

Linalonitia hofu hasa ni huu mtindo wa watu kuchanganya dawa za usafi ili eti ziwe kali zaidi. Tafadhali sana, dawa ya klorini msiichanganye na siki wala dawa ya chooni yenye asidi! Hutoka gesi ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha hujaa upesi. Wala msiimimine kwenye chupa za soda, watoto watainywa.

Halafu mgonjwa akianza kuhema kwa shida, midomo ikageuka rangi au akaonekana kuchanganyikiwa, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.