Si kwamba tunachukia mabadiliko

Kuna makala nimeisoma, mwandishi wake anasema wanaolalamikia miundo mipya kwenye programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuona na kubadili msimbo wake, yaani maandishi yaliyozitengeneza) ni watu wasiopenda mabadiliko tu, hapo mi nakataa kabisa. Chukueni GNOME 3 ya 2011, GNOME ni ile programu inayoonyesha madirisha na menyu kwenye kompyuta za Linux, watu waliapdeti mashine zao wakakuta kitufe cha kushusha dirisha hakipo, kile cha pembeni unachobonyeza kila saa bila hata kukiangalia, na menyu waliyoizoea miaka yote nayo imeondolewa, sasa mtu ana kazi ya watu mezani anaanza kujifunza upya, asilalamike? Na wengine hawakuishia kulalamika, walichukua msimbo wa GNOME 2, toleo la zamani, wakauendeleza kwa jina la MATE na mpaka leo ipo. Huo ndo uvivu wa kujifunza kweli??

Ila wanaojitolea kutengeneza programu hizi nao tuwaelewe jamani, kila seting unayodai ibaki kuna mtu lazima aitunze na kuijaribu kila toleo, tena wengi hawalipwi, halafu anaamka asubuhi anakuta matusi. Hilo linaniuma sana.

Mimi niliwahi kuripoti shida kwenye mradi mmoja, nikaeleza vizuri na picha za skrini nikaweka, ikafungwa siku hiyohiyo kwa neno moja, "haitarekebishwa". Wangenipa hata sababu ya mstari mmoja ningekubali yaishe, maana ule ugomvi wa 2014 ndani ya Debian, mradi unaotengeneza mfumo wa Linux, kuhusu systemd, programu inayowasha huduma za kompyuta inapoanza, ulikuwa mkali lakini angalau walibishana hadharani wakapiga kura, kila mtu akaona nani kasema nini.