Jiwe la sebuleni si kasoro ya nyumba

Kivuko cha Kigongo–Busisi kilikuwa kinamla mtu saa nzima au zaidi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, lilipofunguliwa Juni 2025, Sengerema ikawa jirani. Sasa anayetaka nyumba ya kisasa nje ya jiji la Mwanza ana pa kuchagua, Kisesa, Igombe, Usagara mpaka ng'ambo.

Ila soko lina kipimo kimoja: vyumba vinne, masta mbili (vyenye bafu lake), paa la kuficha (lililofichwa nyuma ya ukuta), fensi, geti. Ikitokea nyumba aliyoichora msanifu kwa kufuata mteremko, kuta za mawe, jiwe kubwa limeachwa palepale sebuleni, inaambiwa haina soko. Mteja analitazama lile jiwe na kuuliza litaondolewaje.

Aliyewahi kusafisha kiwanja chenye mawe Mwanza hawezi kuuliza hivyo. Jiwe linachomwa kwa kuni au matairi hadi lipasuke, vijana wanashinda nalo kwa nyundo, vipande vinasombwa kwa lori. Unabaki na shimo, unanunua kifusi cha kulijaza. Na jiwe la mlimani mara nyingi limeegemewa na jingine, na udongo wa juu umelishikilia. Ukiling'oa, mvua ya masika inashusha tope hadi kwa jirani wa chini. Kwa hiyo msanifu aliyelizunguka jiwe hakuwa anaringa. Amemwokolea mwenye nyumba fedha, na msingi wake umekaa juu ya mwamba, si juu ya kifusi kitakachotitia. Hili huwa halimo kwenye tangazo, na linaniuma.

Paa nalo ni hivyohivyo. Paa la kuficha linapendeza kwenye picha, lakini mfereji wake uko nyuma ya ukuta. Majani ya mwembe yakiuziba, maji yanaingia kwenye dari. Upenu mpana unaodharauliwa kuwa wa kizamani unakinga ukuta dhidi ya jua na mvua. Wala umbo tofauti si ugeni kwetu: kanisa la Bujora pale Kisesa ni la duara, kwa kufuata nyumba ya Kisukuma.

Mnunuzi mwenye wasiwasi nampa haki yake, hasa kwenye karatasi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na asiye mwanakijiji hawezi kuhamishiwa haki bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Benki nayo inasitasita kukopesha pale ambapo mthamini hana nyumba ya kulinganisha. Na ile baraza inayosifiwa kwa kuguswa na mawimbi, ikimbie: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na waliopuuza waliona maji yalivyopanda 2020 na tena 2024. Hapo uzuri wa mchoro hausaidii kitu.

Lakini hati ikiwa safi na mita zikitimia, sioni kwa nini nyumba ishushwe bei kwa sababu ya jiwe. Dalali ampeleke mteja saa nane mchana, jua likiwa kali, aguse ukuta wa mawe kwa ndani, asikie ubaridi wake, kabla hajahesabu vyumba.