Mti Ukistawi, Mkulima Aondoke

Wakati wa mvua ndefu, ukipanda kutoka mjini Nakuru kuelekea msitu wa Dundori, utawakuta akina mama wameinama kwenye mistari ya waru, yaani viazi, na katikati ya waru kuna miche ya saipresi isiyofika magotini. Mgeni ataona shamba tu. Foresta anaona msitu unaozaliwa. Kila mmoja ana ukweli wake, na hapo ndipo ubishi kuhusu mfumo wa shamba unapoanzia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Sehemu ya msitu wa kupandwa ikishavunwa, wanachama wa chama cha jamii cha msitu hugawiwa vipande. Wanalima chakula chao, kisha wanapanda miche na kuipalilia pamoja na waru na maharagwe. Baada ya miaka 3 hivi miti hufunga kivuli na mkulima huondoka. Kujenga au kuishi humo hakuruhusiwi.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mche mchanga huuawa na nyasi zinazounyang'anya maji, na mifugo inayoukanyaga, na moto wa kiangazi. Mtu anayefika shambani kila juma kwa ajili ya waru zake huukinga mche na maadui wote watatu bila serikali kumlipa mshahara. Serikali ya Rais Moi ilipopiga marufuku mfumo huu mwaka 1987, maeneo mengi yaliyovunwa yalikaa bila kupandwa, kwa sababu mikono ilikuwa imeondoka. Ukarejeshwa miaka ya 1990, ukafungwa tena 2003, kisha ukarudi chini ya sheria ya misitu ya 2005 ukiitwa PELIS, kifupi cha Kiingereza cha mpango wa kuanzisha misitu ya kupandwa na kuboresha riziki. Septemba 2022, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, aliposema wananchi waruhusiwe kulima msituni, mabishano yaliwaka upya kana kwamba hayajawahi kufanyika. Kwangu mimi, kufungwa mara mbili na kurudi mara mbili kunaonyesha kwamba hakuna aliyepata wa kuifanya kazi ya akina mama wale.

Upande wa pili una sauti ninayoiheshimu sana. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha shirika la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani 2004, aliupinga mfumo huu waziwazi. Alihofia kwamba jembe likishaingia msituni, miti ya asili ndiyo inayolipa, na maji yanaifuata. Sisi wa Nakuru hatuwezi kuipuuza hofu hiyo. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru chimbuko lake ni Mau Mashariki, na mwaka 2001 serikali ilimega takriban hekta 61,000 za msitu wa Mau. Lakini tusichanganye mambo. Mau ilimegwa kwa kalamu za wakubwa; mpalilia waru wa Dundori hakuwamo. Kumbebesha yeye dhambi ile ni kumwonea.

Hata hivyo, iko kasoro inayonisumbua kuliko zote, na sisikii ikizungumzwa vya kutosha. Mkulima huyu malipo yake ni waru, si mti. Mche ukistawi, kivuli kinafunga mapema naye anapoteza shamba. Ukidumaa, anapata msimu mwingine, pengine miwili. Ndiyo maana yapo malalamiko ya tangu zamani kwamba mizizi ya miche hukatwa kwa jembe na matawi kufyekwa kupita kiasi. Sisemi wakulima ni waovu. Mama mwenye watoto wanne hupiga hesabu ya chakula cha jioni, na sisi ndio tuliomwekea hesabu ambayo mti mzuri ni hasara kwake. Saipresi ya mbao huchukua miaka 30 hivi kukomaa. Gogo likiuzwa, pesa hizo hazimfikii yule aliyeupalilia mti ukiwa mdogo.

Kule Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru kilishika njia tofauti. Walihamishia mwonyi, mmea wa dawa, kwenye mashamba yao, wakakamua mafuta yake, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta. Dawa moja haiwezi kulisha kila nyumba inayopakana na msitu, na wala haioteshi saipresi hata moja. Nilichokipenda ni kwamba pato lao haligombani na mti.

Tulipewa sikukuu mbili za kupanda miti, 13 Novemba 2023 na 10 Mei 2024, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Nilifurahi kuona watu wengi wameshika miche. Lakini mche ukishaingia ardhini, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo nasimama hapa: mfumo wa shamba ubaki, kwenye maeneo ya miti ya kupandwa yaliyokwisha kuvunwa tu, usiguse msitu wa asili hata hatua moja, na malipo yafuate mti ulio hai. Najua pingamizi. Watu watauliza nani atahesabu, na katika vyama vingi kunasikika malalamiko kwamba vipande huishia kwa wasioshika jembe, wanaokodi vibarua wakiwa mjini. Basi kipande kiandikwe kwa jina la anayepalilia.

Kuhesabu nako kunawezekana. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja huchukua miche 1,600, robo hekta miche 400. Mwaka wa 3, foresta na mwenye kipande watembee pamoja mstari kwa mstari. Mwenye 350 iliyo hai awe wa kwanza kuchagua kipande kipya, na jina lake liingie kwenye daftari la mavuno, ili miaka 30 ikifika fungu limfikie yeye au wanawe. Mwenye 90 aeleze kilichotokea. Kama ni ukame, foresta naye aliuona.