Shemeji, Meza na Ndoo ya Maganda

Huku Marekani mtu anaweza kukaa mezani kwake, kikombe cha chai pembeni, akajitengenezea risasi za bunduki yake ya kuwindia, na hakuna askari atakayemgongea mlango. Serikali kuu inadai leseni kwa anayetengeneza za kuuza. Anayetengeneza za kwake mwenyewe, shauri yake na mkewe. Shemeji yangu hajaoa, kwa hiyo ikawa shauri yake na mke wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, na hapo ndipo tulipoponzeka.

Mimi nilipitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kule Tanzania. Siku ya shabaha, ukimaliza kupiga, afande anataka maganda yote mkononi. Likipungua moja, kombania nzima inatambaa kwenye nyasi mpaka lionekane, hata kama jua limezama na chakula kimepoa. Sasa shemeji alipogonga mlango kwa teke, mikono yote miwili imekumbatia ndoo iliyojaa maganda ya risasi pomoni, nilijikuta nimesimama wima bila kuamrishwa.

"Shem, shika huku, mgongo unaniua."

"Umeyatoa wapi haya?"

"Nimenunua. Kwa kilo, kama viazi."

Ni kweli, yanauzwa. Jeshi likishapiga, ganda la shaba bado ni mali, na kuna watu kazi yao ni kuyanunua kwa uzito na kuyauza kwa wawindaji. Risasi moja nzuri ya kuwindia kulungu dukani inapita dola moja, na ndani yake kitu cha gharama ni hilo ganda. Ukishakuwa nalo, unatafuta praima ya kuwashia, baruti na kichwa, unajaza. Shemeji alikuwa ameshapiga hesabu hizo kwenye simu, akazipiga tena mbele yangu, na kila akizipiga faida ilikuwa inaongezeka.

Aliokota moja akaligeuza nilione kitako. Zilichongwa herufi LC, chini yake tarakimu mbili za mwaka, na pembeni msalaba mdogo ndani ya duara, alama ya NATO. Hizo LC ni Lake City, kiwanda cha risasi cha jeshi kilichoanza kazi mwaka 1941, nacho kiko hapa hapa Independence, Missouri, tunapokaa. Yaani ganda lilizaliwa mjini kwetu, likapelekwa kambi isiyojulikana, likapigwa, likatupwa, likauzwa kwa kilo, na sasa lilikuwa limerudi nyumbani kuosheka kwenye sinki la mke wangu. Jambo hilo lilimgusa sana shemeji.

Mke wangu alikuwa zamu ya usiku, kwenye nyumba ya kulea wazee. Tulikuwa na usiku mzima.

Kwanza kuosha. Maji ya moto, sabuni ya vyombo kidogo, na limao, kwa sababu ukali wa limao ndio unaotoa weusi kwenye shaba. Shemeji alitafuta chombo kikubwa akapata sufuria iliyokaa peke yake juu ya kabati. Nilimwambia hiyo aiache. Ni sufuria ya pilau, ilitoka Kariakoo ikiwa mzigo wa mkononi, mke wangu aliipakata ndege nzima kama mtoto. Akasema, "Shem, naosha, sipiki." Nikashindwa kujibu. Dakika chache baadaye yalikuwa yanang'aa humo ndani, na maji yamekuwa rangi ya mtaro.

Kisha akafunga presi. Meza yetu ya kulia ni ya duara, ina mguu mmoja wa katikati. Akaikaza presi ukingoni kwa klampu mbili, akaitingisha, akaridhika.

Presi yenyewe ni chuma kizito chenye mkono mrefu. Unaweka ganda kwenye kishikio, unashusha mkono, ganda linapanda na kuzama ndani ya dai, chuma kigumu chenye tundu la umbo la ganda jipya. Kule ndani ganda lililofutuka kwa moto wa baruti linabanwa kurudia saizi yake. Wakati huohuo sindano iliyo katikati ya dai inaisukuma nje praima iliyokwisha kuungua, kile kikombe kidogo cha kuwashia kilichopachikwa kitakoni. Ukiinua mkono, ganda linashuka limenyooka. Kwa maelezo, kazi ya mtoto.

Ila jeshi lilipoyatengeneza halikumfikiria shemeji. Kiwandani hukandamiza ukingo wa tundu la praima ili isichomoke bunduki ikitema mfululizo, kwa hiyo kila praima iligoma kwanza, kisha ikatoka kwa mlio wa "ta!" ulionirusha moyo. Tulikwenda hivyo, ta, ta, ta, mpaka sindano ikalia "tii" ikakatika.

Tukamulika ndani ya ganda kwa tochi ya simu. Badala ya tundu moja katikati, mlikuwa na matundu mawili madogo pembeni, na katikati pameziba. Lilikuwa ganda la nchi nyingine lililojichanganya kwenye ndoo. Mtindo huo unaitwa Berdan, na hata maganda ya bunduki za SMG tuliyokuwa tunayatambalia JKT ni ya mtindo huohuo. Berdan alikuwa Mmarekani. Wamarekani wenyewe wanatumia ule wa tundu moja, wa Boxer, ambaye alikuwa Mwingereza. Shemeji alinieleza historia hiyo yote akiwa anafungua pakiti ya sindano za akiba, kwa sauti ya mtu anayetaka usahau kilichovunjika.

Hapo ndipo alipogundua mafuta yamekwisha. Ganda haliingii kwenye dai kavu, lazima lipakwe, na kuna mafuta yake maalumu. Mengi yanatokana na lanolini, ile grisi ya sufu ya kondoo. Alikuwa na kikopo chenye mabaki ya kupaka maganda machache, basi. Maduka yamefungwa. Akaenda bafuni, akarudi na chupa ya mafuta ya nazi ya mke wangu, ya nywele, yale yanayotoka Tanga kwa kuagiza.

"Mafuta ni mafuta," akasema.

Ganda la kwanza likapita, harufu ya nazi ikatanda. La pili likapita kwa kuguna. La tatu sijui lilipigwa na bunduki gani, lakini naamini ni rashasha, kwa sababu vyumba vya rashasha, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ni vipana na ganda linatoka humo limevimba hasa karibu na kitako. Shemeji akashusha mkono. Likaingia nusu. Akalalia mkono kwa kifua. Likaingia robo nyingine, likasimama. Akajaribu kulirudisha. Halikurudi.

Sasa fikiria vizuri. Kulitoa ganda unainua mkono juu. Ganda likiwa limekwama, ukiinua mkono unainua presi, na presi imefungwa kwenye meza, basi unainua meza. Upande wetu ukapanda, upande wa pili ukashuka, sufuria ya pilau ikaanza safari taratibu kuelekea ukutani. Niliidaka.

"Shem," akasema, "uzito wako."

"Umefanyaje?"

"Kaa hapa, ukingoni, karibu na presi. Wewe zuia meza, mimi navuta."

Nikakaa. Uzito wangu ninaujua mimi na daktari, na kwa mara ya kwanza ulikuwa unahitajika. Shemeji akaingiza bega chini ya mkono wa presi, akakunja magoti, akaanza kusukuma juu kama anainua gari. Meza ikanung'unika. Mimi nimekaza miguu hewani, nimeipakata sufuria, maji ya maganda yananiingia mapajani. Pakawa kimya kidogo, kila kitu kimekaza, hakuna kinachosogea.

Kilichoachia ni ukingo wa ganda. Ile pindo nyembamba ya kitakoni inayoshikwa na kishikio ilinyofoka yote, ganda likabaki ndani ya dai, na mkono wa presi ukaruka juu bila kizuizi. Uligonga taa ya dari. Shemeji alirudi nyuma kwa kasi akapokelewa na friji. Na mimi, ambaye mpaka dakika ile nilikuwa nazuia meza isipande, sikuwa na kitu tena cha kuzuia. Meza ya mguu mmoja, mtu mzima ukingoni, hakuna anayeinua: ikainama upande wangu kwa heshima zote, nikatelezea sakafuni na maji ya limao, sufuria, na maganda yote, kisha meza yenyewe ikanifuata ikanilalia mapajani.

Maganda ya shaba yana sauti nzuri sana kwenye vigae. Yaliendelea kubingirika muda mrefu, na katikati ya mlio huo nikasikia ufunguo mlangoni.

Mke wangu alisimama na sare zake za kazini, mkoba begani. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akatazama taa, akamtazama mdogo wake aliyekuwa anajishikilia friji, akanitazama mimi.

"Baba watoto, unafanya nini chini ya meza?"

"Nilikuwa juu."

Akavuta pumzi. Akanusa. "Mbona nyumba inanukia nywele zangu?"

Shemeji akasema, "Shikamoo dada." Haikuitikiwa.

Dai tulimpelekea jirani asubuhi, mzee aliyewahi kuwa jeshini, karakana yake safi kuliko jiko la watu wengi. Alitoboa kitako cha ganda kwa drili, akakata nyuzi ndani yake kwa tapu, akaweka kipande cha bomba na washa juu, akaingiza bolti, akaanza kukaza kwa spana pole pole. Kila akizungusha, ganda linapanda kidogo. Likatoka kwa mlio wa "pwa!" kama kizibo. Akalinusa, akatutazama, akalinusa tena. Akauliza kama tulitaka kulipiga au kulikaanga.

Angeishia hapo tungekuwa marafiki hadi leo. Lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, na mzee, kwa wema wake, akamwuliza tulioshea nini. Alipotajiwa sufuria akatikisa kichwa: masizi ya praima yana risasi, maana yake madini yenyewe ya risasi, na chombo kilichooshea maganda hakipikiwi tena.

Jioni karatasi ilibandikwa kwenye friji, pale pale palipobonyea. Sufuria moja, na nauli ya mtu wa kuileta kutoka Dar. Taa. Mafuta ya nywele. Mlango wa friji. Meza, kwa kuwa mguu ulipata ufa. Shemeji alisoma kutoka juu hadi chini, akatoa simu, akagawa jumla ile kwa idadi ya maganda yaliyonyooka, akaifunga simu bila kutuambia jibu. Praima mpya hatukuzigusa. Baruti hatukuifikia, na namshukuru Mungu.

"Lakini dada," akasema, "maganda si yapo? Mazuri, ya jeshi kabisa."

"Vizuri," mke wangu akamwambia. "Krismasi unatupikia hayo. Sufuria yake unaijua."