Pahali Pazuri pa Kutega Malema

Mtu aliyezaliwa Pwani akahamia Naivasha hujiona mwalimu wa mambo yote ya majini, hata kama ziwa lenyewe liko takriban mita 1,890 juu ya bahari anayoijua. Ndivyo nilivyokuwa shemeji yangu wa Mombasa alipopiga simu kusema kwamba anakuja kututembelea, na kwamba amesikia ziwani kwetu kuna kamba wekundu wenye magando, naye hatarudi kwake bila kuwaonja. Mke wangu akanitazama. Nikasema, "Kamba tu? Watapatikana."

Kamba hao si wenyeji wa hapa. Asili yao ni Louisiana, Marekani, nao waliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970. Katika miaka hiyo walivuliwa na kusafirishwa hadi Ulaya, ilhali watu wa hapa wengi hawajawahi kuwa na hamu nao. Wavuvi ndio wanaowachukia hasa, kwa sababu huingia kwenye nyavu, wakawala samaki walionaswa, kisha wakakata na nyuzi. Kwa hiyo nilipofika ufuo wa Kamere kuomba ruhusa ya kutega malema mawili, yaani mitego ya kusukwa, na kuuliza walipo kamba wengi, sikufichwa siri kama tunavyofichana kwetu, ambako mvuvi akiulizwa alikovua hujibu "baharini". Kila mmoja alinionyesha pake kwa furaha, ila hakuna wawili walioonyesha mahali pamoja.

Mzee mmoja ndiye aliyenieleza kwa utaratibu. "Kijana wa Pwani," aliniambia, "usitafute maji, tafuta matope." Kamba huyu, alisema, hana haja na kina kirefu: hupenda maji ya magotini kandokando ya mafunjo, akachimba shimo katika udongo laini, akajificha mchana na kutoka usiku kutafuta riziki. Nitazame basi mashimo yenye ukingo wa tope mbichi, majani ya majini yaliyokatwa chini, na vipande vya magamba mekundu vilivyoachwa na ndege. "Na ukiona nyayo za kiboko zimejaa maji, tia mkono."

"Na kiboko mwenyewe, mzee?"

"Yeye usiku huwa malishoni."

Nilitembea ukingoni mpaka nikafika penye pengo pana katika mafunjo, maji yametulia, nyayo zimepangana, kila moja upana wa sufuria ya wali. Nikatia mkono. Chini kabisa kitu kilisogea, kikanyamaza, kisha kikanishika kidole kwa gando nami nikapiga ukelele wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Jioni nilirudi na malema, nikatia vichwa vya samaki vya siku hiyohiyo (wapo wanaoshikilia kwamba chambo kiwe kimeoza, lakini kilichooza huwavuta nzi kuliko kamba), nikayazamisha kwa mawe na kuyafunga kwenye mashina ya mafunjo.

Alfajiri lema la kwanza lilikuja zito, limejaa kamba wanaogombana. Nilipokuwa nikilivuta la pili, mguu wangu wa kulia ulizama katika mojawapo ya zile nyayo mpaka pajani, na buti la mpira likakataa kutoka. Hapo ndipo nilipozisikia pumzi nyuma yangu, upande wa nchi kavu. Mzee alisema kweli kwamba kiboko huenda malishoni usiku. Alichoacha kusema ni kwamba hurudi majini kabla ya jua, na lile pengo nililolisifu lilikuwa mlango wa nyumba yake.

Nilijikunyata kando ya kichaka, lema la kwanza nimelikumbatia kifuani, kamba wakinifinya kupitia matundu yake. Kila aliyenifinya nilimsamehe. Shahada niliisoma kimoyomoyo, tena kwa haraka.

Kiboko hakunigusa. Alifika ubavuni mwangu, akasimama, akanipa mgongo. Ifahamike kwamba kiboko dume hutia alama njia yake kwa kujisaidia huku akiuzungusha mkia wake mfupi kwa kasi, hivi kwamba kinachotoka hutawanyika juu ya vichaka vyote vya karibu. Nami alfajiri ile nilihesabiwa miongoni mwa vichaka. Alipomaliza, alilikanyaga lema la pili likawa kuni, akaingia majini bila kutazama nyuma.

Nililiachia ziwa buti langu nikakimbilia barabarani, ambako basi la wafanyakazi wa mashamba ya maua lilikuwa likipita. Lilipunguza mwendo, mlango ukafunguliwa, kisha ukafungwa upesi sana. Msimamizi wangu alichungulia dirishani akauliza, "Ni wewe?" Nikamjibu kwamba siye. "Basi mwambie," akasema mama mmoja aliyekaa nyuma yake, "ana mdudu kwenye mkia wa shati."

Nyumbani nilimwagiwa maji uani, na kamba wakabadilishiwa maji safi mara kadhaa mpaka matope yakawatoka. Nadhani wao walitakata mapema kuliko mimi. Mke wangu aliwapika kwa nazi na ndimu. Shemeji alikula, akajilamba vidole, akasema kesho yake ataka naye apelekwe akajionee hayo maji mazuri. Nami, kwa moyo mkunjufu, nikamwelekeza kwa yule mzee.