Suruali Iliyobaki Mishono

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilijibu swali kabla sijalielewa.

Naendesha bajaji Tanga mjini. Ijumaa ile betri ilianza kugoma, nikafungua vifuniko nikachungulia. Vyumba viwili vimekauka mpaka sahani za risasi zinaonekana. Nikaenda duka la spea, nikamwambia kijana anipe maji ya betri.

"Makali au ya kawaida?"

Sasa jamani, unaulizwa hivyo mbele ya madereva wenzio, utasema ya kawaida? Chai nakunywa kali, pilipili nala kali. "Makali!" nikasema, tena kwa sauti.

Akanimiminia kwenye chupa ya nusu lita iliyokuwa ya maji ya kunywa, haina hata alama. Nilipoipokea nikahisi ni nzito kuliko chupa ya maji, nikafurahi kwamba leo sijapunjwa. Kifuniko kilikuwa hakikazi vizuri. Nikaibana mapajani nikaondoka zangu, na mashimo ya mtaani kwetu yakafanya yaliyobaki.

Suruali niliyovaa ilikuwa ya kaki, pamba tupu, mpya. Niliinunua kwa ajili ya Jumapili, siku ya kwenda Korogwe kujitambulisha ukweni. Nilijiambia naivaa Ijumaa hiyo ili izoee mwili, lakini ukweli nilikuwa naringa kijiweni. Kufika nyumbani mapaja yamelowa na yanawasha. Nikasema ni jasho. Nikaoga kwa maji mengi (ndiko kulikoniokoa ngozi, ila wakati huo sikujua), nikajipaka mafuta ya mgando, suruali nikaianika bila kuifua. Ikakauka vizuri, haina doa wala tundu. Betri nikaiahirisha mpaka Jumatatu, chupa nikaiacha mezani.

Jumapili tukapanda basi, mimi na mjomba ambaye ndiye mshenga. Baba mkwe mtarajiwa ni fundi umeme wa magari mstaafu, mzee wa maneno machache. Tukakaribishwa mkekani. Nilipokunja miguu kukaa, kitu kikasema prrr.

Nikajikohoza. Nikasogea kidogo, kikasema tena. Nikainamisha macho nikaona pajani pamefunguka dirisha. Ajabu ni kwamba mishono ilikuwa mizima! Uzi umesimama kama nguzo za nyumba iliyobomoka, zipu ipo, mkanda upo, lakini kitambaa cha katikati kinapukutika mkekani kama majani makavu. Ndani nimevaa bukta nyekundu ya Simba, na ukutani kwa mzee inaning'inia kalenda ya Yanga.

Nikavuta mto nikajifunika. Mjomba, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alikuwa ndiyo kwanza amepata moto: "Kijana wetu huyu, wazee wangu, tumemlea katika stara…"

Shemeji akatoka mbio, kicheko tukakisikia uani. Mama mkwe akageukia ukuta. Mzee peke yake ndiye aliyesogea. Akaokota kipande cha kitambaa kwa ncha ya kijiti, akakiangalia.

"Panya?" mjomba akauliza.

"Panya hatafuni hivi. Mwanangu, ulibeba nini?"

"Maji ya betri, baba."

"Yapi?"

"Makali."

Hakusema kitu. Akaagiza magadi jikoni, yale ya kulainishia maharage. Akaweka kipande kwenye kisosi, akatonesha maji, akanyunyiza magadi kidogo. Povu likachemka, shhh, likafura mbele ya macho yetu.

"Tindikali," akasema. "Tangu Ijumaa bado iko kazini."

Kumbe maji yakikauka kwenye nguo, tindikali yenyewe haiondoki. Inabaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi ukali. Pamba inaliwa kimyakimya. Uzi wa kushonea ulikuwa wa poliesta, ndiyo maana ukasalimika, pamoja na bukta, namshukuru Mungu. Tena betri yenyewe haikuhitaji makali hata tone: inapopungua kinachotoka ni maji, basi huongezwa maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kawaida niliyoyaonea haya.

"Na chupa iko wapi?"

"Mezani nyumbani. Karibu na jagi la maji ya kunywa."

Mzee akasimama. Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu Tanga, akanyamaza. Nikampigia simu mdogo wangu, mkono unatetemeka. Ikaita mpaka nikaanza kusoma dua.

"Ile chupa ya mezani umeinywa?"

"Ipi, ile nzito? Nilitaka, lakini nilipoinyanyua nikaona si maji yale. Nimezuilia mlango, kaka, upepo unavuma sana leo."

Mzee akaninyang'anya simu. "Mwanangu, usiishike tena kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, uibebe ikiwa wima, uitie kwenye ndoo ya plastiki, siyo sufuria, uifungie mbali na watoto. Ikikugusa, fungulia bomba ujimwagie robo saa nzima. Kisha nawa mikono." Akakata, akanigeukia. "Lita ya maji ina kilo moja. Lita ya hiyo, kilo 1.28. Mdogo wako kapima kwa mkono. Wewe uliibana mapajani."

Akaingia chumbani, akatoka na ovaroli yake ya zamani ya kazini. Akaitandaza mwangani: matundu matupu, mengine ya kupita ngumi. Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Nguo ya kujisitiri ikapitishwa mlangoni na mkono wa mama mkwe, bila uso. Ilikuwa kanga. Nikaifunga kiunoni, na picha zote za siku ile nimo na kanga hiyo. Aliyezipiga ni shemeji, na alihakikisha jina la kanga linasomeka nyuma yangu: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Posa ilikubaliwa. Ila orodha ya mahari ilipokuja, mjomba akaisogeza karibu na pua akaisoma mara mbili. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe, paliongezwa: suruali moja ya poliesta, kipimo cha bwana harusi.